Msimbo wa hitilafu kwenye mtambo wa mtumba: usome wote, kisha upime kabla ya kununua kifaa

Ekskaveta imesimama katikati ya kazi. Skrini imewaka nyekundu na kuandika 100-4. Fundi anatafuta namba hiyo kwenye simu, anakuta "presha ya oili ya injini", na kabla jua halijazama sensa mpya, yaani kifaa kinachopima presha hiyo, imeshaagizwa. Inafika, inafungwa, taa inawaka tena. Sasa inaagizwa kompyuta ya injini. Nimeuona mlolongo huu mara nyingi mno na kila mara unaniuma, kwa sababu ile 4 ya mwishoni ilikuwa imeshaeleza pa kuanzia. Watu walisoma 100 wakaishia hapo.

Mwongozo huu ni wa fundi, opereta au mwenye mtambo uliotumika anayetaka kufuata msimbo hadi kwenye chanzo chake. Shika jambo hili tangu mwanzo: msimbo unakuambia kompyuta iliona nini na kwenye njia ipi ya umeme. Haukuambii kifaa kipi kimekufa. Hilo utalijua kwa macho, mikono na multimita, yaani mita ya kupimia umeme. Na kwa kuwa mtambo wa mtumba umepita mikono mingi, kazi ya fundi aliyetangulia ndiyo mshukiwa wako wa kwanza, hata kabla ya kifaa chenyewe.

Kabla ya kugusa chochote

Egesha mahali tambarare, shusha ndoo au bledi (kisu cha kusukumia udongo) hadi chini, zima injini, chomoa ufunguo ukae nao wewe mfukoni. Injini za kisasa za dizeli hubana mafuta kwenye reli, yaani bomba la pamoja linalogawia nozeli mafuta, kwa presha inayoweza kuzidi bar 1,600. Mafuta yanayotoka kwenye ufa mdogo kwa presha hiyo hupenya ngozi na kuacha alama ndogo kama ya sindano, huku ndani yakiharibu nyama ya mkono. Jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali saa ile ile. Usitafute uvujaji kwa kiganja. Pitisha kipande cha kadibodi. Usilegeze paipu ya reli injini ikiwa inaunguruma, na usichomoe wala kupima nyaya za nozeli za umeme wakati huo, kwani hubeba volti nyingi kuliko za betri.

Halafu, usifute msimbo. Najua kidole kinawasha. Ukifuta sasa unatupa ushahidi wote ulionao. Piga picha kila ukurasa wa skrini, kisha andika kwenye karatasi: namba kamili, kompyuta iliyoutoa (ya injini, ya haidroliki au ya gia), kama upo hai sasa au umehifadhiwa tu, umetokea mara ngapi, na saa za mtambo ulipotokea mara ya kwanza na mara ya mwisho. Muulize opereta mtambo ulikuwa unafanya nini: ulikuwa baridi au umeshapata moto, ulikuwa unapanda mlima, unachimba, au mvua ilikuwa imenyesha. Opereta anayekaa kwenye kiti kile siku nzima anajua mambo ambayo hakuna kifaa cha kupimia kitakachokuambia.

Hatua ya 1: betri na ethi

Watu wengi huiruka hatua hii kwa kuiona ya kitoto, na ndiyo inayomaliza kesi nyingi. Kompyuta ikipata umeme dhaifu huanza kulalamikia vitu vizima.

Mitambo mingi mikubwa hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Pima kila betri peke yake. Iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6, hivyo zote mbili pamoja zifike kama 25.2. Ukikuta moja ina 12.7 na mwenzake 11.9, tafuta mara moja waya mwembamba unaochomoza katikati ya betri hizo. Kwenye mitambo ya mtumba huwa ni redio, taa au chaja ya simu ambayo mtu aliifunga kwenye betri moja ili apate volti 12. Betri ile hunyonywa peke yake, nyingine huchajiwa kupita kiasi, na zote mbili hufa mapema. Toa waya huo. Anayetaka volti 12 afunge kipunguza volti kinachochukua umeme kutoka kwenye betri zote mbili.

Sasa mwambie mtu apige stata huku ukiangalia mita. Volti zikishuka chini ya 18, kompyuta zinaweza kuzimika na kuwaka tena, na hapo ndipo linapozaliwa kundi la misimbo isiyoeleweka kila asubuhi. Injini ikishawaka, altaneta itoe kati ya volti 27.5 na 28.5 hivi.

Kwa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye nguzo hasi ya betri, usiridhike na kuangalia tu. Weka multimita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye bodi ya injini, mtambo ukiwa umewashwa na taa zote zinawaka. Kisha fanya hivyo kwenye chasisi na kwenye pini ya ethi ya kompyuta. Ukiona zaidi ya volti 0.2, kuna kiungo chenye kutu, rangi au nati iliyolegea. Kifungue, kikwaruze hadi chuma king'ae, kaza, pima tena. Kazi hii imewahi kufuta misimbo mitano kwa mpigo.

Hatua ya 2: kuutoa msimbo kwenye mtambo

Mtambo wenye skrini mara nyingi huonyesha misimbo kwenye menyu ya huduma. Mingine hufunguka kwa kubonyeza vitufe kwa mpangilio maalumu ulioandikwa kwenye kitabu cha fundi cha modeli hiyo. Ya zamani huhesabisha kwa taa: mwako, kituo, mwako. Baada ya hapo kuna vifaa vya kusomea. Kila kampuni ina programu yake, kama Cat ET ya Caterpillar, INSITE ya Cummins na Service ADVISOR ya John Deere, na vipo visomaji vya jumla vinavyosoma lugha ya SAE J1939 inayotumiwa na injini nyingi za dizeli. Kisomaji cha jumla kitakupa misimbo ya injini, lakini mara nyingi hakitaiona kompyuta ya haidroliki. Kwa hiyo kikikuambia hakuna hitilafu, elewa kwamba hakuna hitilafu katika sehemu inayoweza kuiona.

Angalia plagi kabla ya kuchomeka. Ile ya duara yenye pini 9 imeenea sana, na katika mpangilio wa J1939 pini A ni hasi, B ni chanya, C na D ni nyaya mbili za mtandao. Lakini kwenye mitambo mingi ya Caterpillar plagi inayofanana nayo kwa macho ina chanya kwenye A na hasi kwenye B. Weka multimita kwenye pini A na B kwanza. Sekunde kumi hizo zinaokoa kisomaji chako.

Hatua ya 3: kuusoma msimbo wote

Msimbo wa J1939 una sehemu mbili. SPN ni namba ya kinachopimwa. FMI ni namba ya jinsi kilivyokwenda kombo. Kwenye 100-4, SPN ni 100 na FMI ni 4. Baadhi ya SPN utakazokutana nazo sana:

- 94: presha ya mafuta kabla ya pampu kubwa
- 97: maji kwenye mafuta
- 100: presha ya oili ya injini
- 102: presha ya hewa baada ya turbo
- 110: joto la maji ya injini
- 157: presha ya reli ya mafuta
- 168: volti za betri
- 190: mzunguko wa injini
- 639: mtandao wa J1939 wenyewe
- 651 hadi 656: nozeli ya silenda ya 1 hadi ya 6

FMI ndiyo inayokupeleka ama kwenye nyaya ama kwenye injini yenyewe, kwa hiyo jifunze kuigawa katika makundi.

Kundi la kwanza ni 3, 4, 5 na 6. Hizi ni za umeme. 3 ni volti zilizo juu kuliko inavyoruhusiwa, 4 ni volti zilizo chini, 5 ni mkondo mdogo au waya uliokatika, 6 ni mkondo mkubwa au waya uliopiga shoti kwenye ethi. Ukiziona, usifungue injini. Shika multimita.

Kundi la pili ni 0, 1, 15, 16, 17 na 18. Hapa umeme uko sawa. Kompyuta imeiamini sensa, na sensa inasema kitu halisi kiko juu mno au chini mno. 0 na 1 ni hatari kubwa, 16 na 18 ni ya kati, 15 na 17 ni onyo la mapema. 100-1 maana yake presha ya oili iko chini kwelikweli. Zima injini mara moja.

Kundi la tatu ni la tabia: 2 ni taarifa inayorukaruka au isiyopatana na nyingine, 7 ni kifaa kilichoamriwa na hakikuitika, 9 na 19 ni taarifa za mtandao zinazochelewa au kufika na makosa. Nazo 12 na 13 huelekea kwenye kifaa kibovu au kisichosawazishwa, lakini hata hapo hakikisha umeme na ethi kwanza.

Kuna jambo linalowapoteza hata mafundi wazoefu. Waya wa sensa ya joto ukikatika, wengi hutarajia FMI 5. Mara nyingi utaona 3. Sensa ya joto ina nyaya mbili, na upinzani wake hupungua kadiri joto linavyopanda. Kompyuta hupeleka volti 5 kwenye waya na kuangalia zinavyoshuka. Waya ukikatika, volti hazishuki kabisa, zinabaki juu, na kompyuta inaandika "juu mno". Waya ukigusa ethi, volti zinaanguka hadi sifuri na unaona 4. FMI 5 na 6 utazikuta zaidi kwenye vitu vinavyoendeshwa na kompyuta, kama solenoidi (koili ya umeme inayosukuma valvu) na nozeli, kwa sababu huko kompyuta inapima mkondo.

Kampuni nyingine zina herufi na namba zao. Mitambo ya zamani ya Caterpillar huandika CID badala ya SPN, na maana za FMI zinafanana sana. Komatsu ina mpangilio wake. Tafuta kitabu cha modeli hiyo hiyo, na uhakikishe namba ya utambulisho ya mtambo wako imo kwenye kundi linalozungumziwa na kitabu hicho, maana modeli moja inaweza kubadilishiwa nyaya katikati ya uzalishaji. Usibebe maana ya msimbo wa kampuni moja kuipeleka kwenye nyingine.

Hatua ya 4: panga misimbo kwa muda

Ukikuta misimbo kumi, ipange kwa saa ilipotokea, halafu anza na ule wa kwanza. Volti ikianguka saa 8,412, na dakika hiyo hiyo kompyuta ya haidroliki ikalalamika kwamba haisikii injini, una tatizo moja lenye malalamiko mawili. Msimbo uliohifadhiwa ambao ulitokea mara moja tu saa 3,000 zilizopita, huenda ni mtu aliyechomoa plagi ufunguo ukiwa umewashwa. Uache kwanza.

Hatua ya 5: jaribio la asubuhi

Hili nalipenda kuliko yote kwa sababu halihitaji kufungua hata bolti moja. Acha mtambo ulale usiku kucha. Asubuhi washa swichi bila kuwasha injini, fungua ukurasa wa vipimo, usome.

Joto la maji, la oili, la mafuta, la hewa na la haidroliki, yote yawe karibu sawa, kwa sababu vyote vimelala mahali pamoja. Kinachopishana na wenzake kwa nyuzi 15 au 20 ndicho kinachodanganya. Presha ya oili isome sifuri. Presha ya reli isome karibu na sifuri. Presha ya hewa baada ya turbo, kama inaonyeshwa kwa kipimo kamili, yaani kinachohesabu na hewa ya nje, ilingane na presha ya hewa ya nje: karibu kPa 100 usawa wa bahari, na karibu kPa 80 kwenye mwinuko wa mita 2,000. Sensa inayokuonyesha presha ya oili wakati injini imekufa tangu jana imejishtaki yenyewe, hata kama haijawahi kutoa msimbo.

Hatua ya 6: macho na mikono

Chukua tochi na mchoro wa nyaya, fuata fungu la nyaya kutoka kwenye sensa hadi kwenye kompyuta. Kwenye mtambo wa mtumba unatafuta kazi ya mikono ya watu: utepe mweusi katikati ya fungu la nyaya, waya wa rangi isiyomo kwenye mchoro, fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye kifuniko, swichi ngeni kwenye dashibodi. Fungua kila utepe. Chini yake mara nyingi kuna nyaya zilizosokotwa kwa vidole bila kubanwa wala kulehemiwa, na shaba imeshageuka kijani.

Halafu tafuta mahali nyaya zinapopita kwenye ukingo wa chuma, zinapopinda pamoja na boomu (mkono mkubwa wa ekskaveta) au na kiungo cha katikati ya mtambo, zinapokaribia turbo, na mahali palipopigwa maji kwa mashine ya presha. Mtambo uliochomelewa bila kutenganisha betri na kompyuta huweza kuwa na kompyuta zilizoungua. Ukiona mshono mpya wa kuchomelea, uliza ulifanyika lini, na ulinganishe na saa za misimbo.

Chomoa plagi ya sensa husika, uiangalie ndani. Pini iliyorudi nyuma, kutu, maji, tundu lililolegea. Ukikuta oili ndani ya plagi ya sensa ya oili, usiifute tu. Ina maana sensa inavuja kupitia mwili wake, na oili hiyo husafiri ndani ya waya, kati ya nyuzi za shaba na ganda, kama mafuta yanavyopanda utambi wa taa. Nimewahi kuikuta kwenye plagi ya kompyuta, mita mbili kutoka ilikotoka. Sensa hiyo ibadilishwe hata kama kipimo chake bado kiko sahihi.

Usisukume ncha nene ya multimita ndani ya tundu la plagi. Utalipanua, litashika kwa kulegea, na utakuwa umezaa hitilafu mpya itakayotokea mtambo ukitikisika. Pima kwa nyuma ya plagi kwa ncha nyembamba. Wala usitoboe ganda la waya, maana maji yatapitia hapo.

Hatua ya 7: kupima

Sensa nyingi za presha zina nyaya tatu: volti 5, ethi, na ishara. Chomoa plagi, washa swichi, pima kati ya waya wa volti 5 na wa ethi. Upate kati ya 4.8 na 5.2. Kama hakuna, sensa yako haina kosa, imenyimwa umeme. Rudisha plagi, pima ishara kwa nyuma: sensa nyingi za presha hutoa karibu nusu volti presha ikiwa sifuri, na karibu volti 4.5 ikiwa juu kabisa.

Sasa jaribio linalotenganisha sensa na nyaya. Kama msimbo hai ni wa FMI 4, chomoa sensa na uangalie skrini. Kwenye mitambo mingi msimbo utageuka kuwa 3. Ukigeuka, nyaya na kompyuta ni nzima na sensa ndiyo iliyokuwa ikivuta ishara chini. Ukibaki 4 hali sensa iko mkononi mwako, sensa haihusiki na shoti iko kwenye nyaya. Kama msimbo ni wa FMI 3, fanya kinyume: kwenye plagi, unganisha pini ya ishara na pini ya ethi kwa kipande cha waya. Ukigeuka kuwa 4, nyaya zimepona, shuku sensa. Ukibaki 3, waya wa ishara au wa ethi umekatika njiani, au ishara imegusana na waya wenye umeme. Hakikisha kwa mchoro ni pini zipi kabla ya kuunganisha; ukigusa ile ya volti 5 na ethi utaangusha sensa nyingine zote.

Ekskaveta ile ya 100-4 ilimalizika hapa. Sensa mpya nilipoichomoa, msimbo haukubadilika, 4 vilevile. Nilifuata nyaya kutoka kwenye plagi, kwa kidole, taratibu. Nyuma ya pampu, pale fungu la nyaya linapopita chini ya kibano cha chuma, mpira wa ndani wa kibano ulikuwa umeoza na kudondoka. Chuma kilikuwa kimekula ganda la nje, kikala ganda la waya mmoja, na shaba ilikuwa inang'aa kama sarafu mpya, imelala juu ya bodi ya injini. Urefu wa kidonda haukufika kipande cha kucha. Sensa mpya ilikuwa imeshanunuliwa, na kompyuta imeshaagizwa.

Kwa solenoidi za haidroliki, njia rahisi ni kulinganisha. Pampu au valvu mara nyingi huwa na solenoidi mbili za aina moja. Pima upinzani wa zote mbili, zinatakiwa zikaribiane. Ukipata ile inayolalamikiwa haina njia kabisa, koili imekatika. Ukipata zimelingana, rudi kwenye nyaya.

Tahadhari moja kuhusu kupima waya kwa omu, kipimo cha upinzani: waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utakusomea kama mzima, lakini ukipewa mzigo utashindwa. Kwa nyaya za umeme mkuu wa kompyuta, chomoa plagi ya kompyuta, kisha washa balbu ya volti 24 ya wati 21 kati ya chanya na ethi za plagi hiyo. Ikiwaka kwa nguvu, njia ni nzima. Ikiwa hafifu, umepata. Balbu hiyo usiipeleke kabisa kwenye nyaya za sensa wala za mtandao.

Misimbo mingi kwa pamoja

Sensa kadhaa hugawana volti 5 moja. Moja ikipiga shoti ndani, zote huanguka na skrini hujaa. Acha multimita kwenye waya wa volti 5, chomoa sensa moja moja. Volti zikirudi ghafla, uliyoichomoa mwisho ndiyo yenye kosa. Zikikosa kurudi baada ya kuzichomoa zote, shoti iko kwenye waya.

Kama malalamiko ni ya kompyuta kutosikiana, pima mtandao. Zima swichi kuu ya betri, lakini kwenye mitambo yenye tangi la urea (kimiminika cha kusafisha moshi) subiri kwanza taa ya mfumo huo izimike, maana pampu huwa bado inarudisha kimiminika tangini. Kisha pima omu kati ya nyaya mbili za mtandao kwenye plagi ya kisomaji. Kila mwisho wa mtandao una kizuizi cha omu 120, na viwili hivyo pamoja husomeka 60. Ukipata 120, kizuizi kimoja hakipo au waya umekatika. Ukipata 40, mtu ameongeza cha tatu, na hili hutokea sana pale mtambo ulipofungiwa kifaa cha kufuatilia safari. Ukikaribia sifuri, nyaya mbili zimegusana. Swichi ikiwashwa, waya mmoja wa mtandao huwa juu kidogo ya volti 2.5 na mwingine huwa chini yake kidogo.

Msimbo unaposema kweli

FMI ikiwa ya kundi la pili, funga geji ya kawaida ya mkono na uthibitishe. Kwa presha ya oili, geji kwenye bodi ya injini. Kwa joto la maji, kipimajoto cha mwanga kwenye nyumba ya thamostati na kwenye rejeta, kisha angalia kati ya rejeta na kipoza oili, ambapo vumbi na nyasi hujificha huku mbele pakionekana pasafi. Kwa presha ya reli iliyo chini, anza na vya bei ndogo: filta, hewa inayoingia kwenye paipu za kunyonyea, presha ya pampu ndogo, halafu mafuta yanayorudi kutoka kwenye nozeli. Pampu kubwa iwe ya mwisho. Nasikitika kila ninapoona imekuwa ya kwanza.

Hitilafu inayokuja na kuondoka

Acha ukurasa wa vipimo wazi, tikisa nyaya kipande kwa kipande, gonga plagi kwa mpini wa bisibisi, zungusha kabini, inua boomu. Kipimo kikiruka, simama hapo hapo. Zinazotokea kwenye joto tu, fanya kazi hiyo hiyo baada ya mtambo kuchimba saa nzima.

Ukiwa unanunua

Kumbukumbu tupu kabisa kwenye mtambo wa saa nyingi inanitia wasiwasi kuliko yenye misimbo michache. Yawezekana imefutwa asubuhi ile. Endesha mtambo kwa mzigo hadi upate moto, kisha soma tena. Baadhi ya kompyuta hutunza matukio makubwa, kama injini kuchemka au kuzunguka kupita kiasi, na hazikubali kuyafuta bila nywila ya kiwanda. Yatafute hayo. Linganisha saa zilizo kwenye kompyuta ya injini na za kwenye dashibodi, na namba ya injini iliyo ndani ya kompyuta na iliyogongwa kwenye kibao. Zikipishana, muuzaji akueleze kwa nini.

Kufunga kazi

Ukishatengeneza, bana waya kwa kiungo chenye mpira wa kusinyaa kwa joto, weka kibano kipya chenye mpira, na ulipe fungu la nyaya nafasi ya kutosha lisivutike mtambo ukitikisika. Futa misimbo sasa. Kisha rudisha mtambo kwenye kazi ile ile iliyoleta hitilafu, kwa mzigo ule ule, si kuunguruma tu uwanjani, na usome tena baada ya saa moja na baada ya siku moja. Kwenye daftari la mtambo andika msimbo, saa, volti ulizopima na mahali hasa ulipokuta kosa, kisha liache kabini, nyuma ya kiti, kwa ajili ya fundi atakayekuja baada yako.